Maradhi ya Chakula Katika Nchi Yenye Chakula

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Kasese na Bwera)



 Niliombwa niseme juu ya maendeleo ya jumuiya yetu. Neno hili maendeleo ni pana, na kila alishikaye hulivuta upande wake: huyu husema shule, huyu msikiti wenye mnara mrefu, na yule husema lori la biashara. Mimi nimeona heri nianze na jambo lililo chini ya hayo yote, nalo ni chakula cha mtoto, na maradhi yampatayo chakula hicho kikipunguka au kikiwa cha namna moja tu, na jinsi serikali yetu ilivyokusudia kuyakinga na kuyatibu kwa mpango mmoja wa nchi nzima. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini maiti za watoto huletwa kwetu sisi tuzisalie, na mtu asaliaye maiti ndogo mara nyingi ana haki ya kuuliza zimetoka wapi.

Ndugu zangu, asimame mtu Mpondwe siku ya soko atazame. Ataona magunia ya maharagwe, mikungu ya ndizi, mihogo, kahawa ya mlimani, samaki wa Ziwa Edward, na watu wakivuka navyo mpaka kwenda Congo tangu alfajiri. Akishuka kuelekea Kasese atapita mashamba ya Mubuku yanyweshwayo kwa mifereji, na ng'ombe wa Wasongora wakilisha katika uwanda. Atasema, hapa hapana njaa. Basi na asikilize hesabu. Katika uchunguzi wa afya ya watu wa Uganda uliofanywa mwaka 2016, watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, maana kimo chao kilikuwa kifupi kuliko umri wao. Eneo la Tooro, ambamo wilaya yetu ya Kasese ilihesabiwa, lilikuwa na watoto 41 katika 100. Hakuna eneo jingine la Uganda lililotuzidi, hata Karamoja, nchi ya ukame ambayo sisi huihurumia. Hesabu za nchi nzima zimekuwa zikishuka, maana mwaka 2011 zilikuwa 33 katika 100, nasi twashukuru. Lakini kwamba watu wa bondeni na mlimani kwetu, wenye mvua na udongo mweusi, waliwatangulia wote kwa watoto waliodumaa, hilo ni jambo la kututoa usingizini.

Yafaa tufahamu tunasema juu ya maradhi gani. Udumavu hauna kelele. Mtoto hacheki wala halii kuliko wenzake, ila ni mfupi, na akili yake darasani huwa nzito, na sisi husema amefanana na babu yake. Ugonjwa wa pili ni ule wa kukonda hata mbavu zikahesabika. Wa tatu ni unyafuzi, ambao madaktari huuita kwashiakoo: miguu huvimba, uso huvimba hata jirani akadhani mtoto amenenepa, nywele hugeuka rangi na kuwa nyepesi, ngozi huchubuka, na mtoto hukataa chakula akakaa kwa huzuni kama mzee. Jina hilo kwashiakoo lilitoka kwa watu wa kabila la Ga katika nchi ambayo leo ni Ghana, na daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams ndiye aliyelitia katika vitabu vya tiba katika miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto pindi mdogo wake azaliwapo. Waga walikuwa wameona waliyoyaona: mtoto huachishwa ziwa ghafula kwa sababu mama ana mimba nyingine, hutiwa kwenye sahani ya wakubwa, na sahani ile haina kitu cha kumjenga.

Watu wetu wa pwani nao waliona jambo hilohilo, lakini wao waliliita kubemendwa, wakamtia lawama mama au baba kwamba hawakustahi siku za kunyonyesha. Neno hili limefika mpaka huku kwetu pamoja na lugha ya Kiswahili. Mimi nasema wazi kwamba neno hili limeua watoto. Mama ambaye mwanawe amevimba miguu huogopa kutoka naye nje, asije akanyoshewa kidole. Humficha chumbani, humtafutia mitishamba ya siri, na siku atakapofikishwa hospitali huwa ni saa ya mwisho. Anayemcheka mama huyo asijidhani ana heshima kuliko yeye.

Tiba ya ugonjwa huu ina historia katika nchi yetu wenyewe, na wengi hatuijui. Mulago, katika miaka ya 1950, madaktari Trowell, Davies na Dean waliuchunguza unyafuzi hata wakautungia kitabu kilichosomwa duniani kote, mwaka 1954. Walijua kumponya mtoto kwa maziwa. Lakini iliwashangaza kwamba mtoto aliyepona alirudi nyumbani, na baada ya miezi michache akarudi Mulago, au asirudi kamwe. Ndipo mwaka 1965 kikafunguliwa pale kituo cha Mwanamugimu. Jina lake limetoka katika methali ya Waganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko, yaani malezi yake huanza mgongoni mwa mama. Katika kituo hicho mama hakukaa kando akitazama wauguzi. Alipika mwenyewe, kwa vyakula vya shamba na soko lake, akaona kwa macho yake mwanawe akiamka kwa chakula ambacho hata yeye angeweza kukipata. Chakula chenyewe waliita kitobero: ndizi au viazi, maharagwe yaliyomenywa au karanga zilizotwangwa, unga wa dagaa tuwaitao mukene, na mboga za majani, vyote vikafungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Hapana kitu katika mchanganyiko huo kisichouzwa Bwera.

Na leo tiba imesonga mbele. Mtoto aliyekondeana sana hapewi sahani kubwa siku ya kwanza, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuibeba na huweza kufa kwa shibe hiyo; akina nyanya wenye huruma na walishike neno hili. Hospitalini huanzishwa kwa maziwa mepesi ya dawa, kidogo kidogo, usiku na mchana, ndipo huongezwa. Aliye na hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine huweza kutibiwa nyumbani kwa chakula-dawa cha karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, ambacho Wafaransa wawili, Briend na Lescanne, walikibuni mwaka 1996. Hakihitaji maji wala moto. Na kumjua mgonjwa hakuhitaji mashine: kuna utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, utepe huonyesha wekundu, naye yu katika hatari kubwa. Kutoka hapo hadi 12.5 ni manjano, naye atazamwe upesi. Kwa unyafuzi, bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa muda kidogo, ukiona shimo limebaki, usingoje kesho.

Basi ikiwa dawa yajulikana na kipimo chajulikana, kimekosekana nini? Kimekosekana kuunganishwa. Serikali ilitoa siasa yake ya chakula na lishe mwaka 2003, kisha mwaka 2011 ukatoka mpango wa lishe wa taifa wa kufika 2016, na baada yake mpango wa pili wa 2020 hadi 2025. Wenye kuutunga waliona neno la kweli, kwamba mtoto aliyedumaa si mgonjwa wa wizara moja. Wizara ya Afya ina utepe na maziwa. Ya Kilimo ina mbegu. Ya Elimu ina watoto wa shule. Ya Maji ina mabomba, na mtoto mwenye kuharisha kila juma hanufaiki na chakula hata kikiwa kizuri. Kwa hiyo kiti cha kuunganisha kiliwekwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na ikaamriwa pawe na kamati za lishe wilayani na katika magombolola, ambamo daktari na bwana shamba na mkaguzi wa shule wakae meza moja. Mpango ni mzuri. Ila mimi nimeona mipango mingi mizuri ikishuka kutoka Kampala kama mto Nyamwamba ushukavyo kutoka mlimani, wenye nguvu nyingi juu, na ukifika chini umegawanyika katika vijito ambavyo kila mmoja hudai ni wake. Kamati ikikaa wilayani na kijiji kisipate habari, hiyo ni mikutano tu.

Kuna maradhi ya chakula ambayo serikali iliyashinda kwa urahisi. Rovu lilikuwa ugonjwa mashuhuri wa watu wa milimani, na sababu yake ni upungufu wa iodini. Katika miaka ya 1990 ikatolewa sheria kwamba chumvi ya kuliwa itiwe iodini. Leo karibu kila nyumba hula chumvi hiyo dukani bila hata kujua. (Wale wanaochukua chumvi ghafi ya Katwe kwa mboga za nyumbani kwa kuwa ni rahisi, wajue kwamba hiyo haijatiwa kitu, na wawaachie ng'ombe.) Sheria moja, bidhaa moja, mlango mmoja wa forodha, jambo likaisha. Udumavu hauna mlango mmoja. Una milango mingi kama idadi ya nyungu, na mbele ya chungu hakuna askari wa forodha.

Lakini msiniambie kwamba watu wa wilaya hii hawawezi kuungana. Mwezi wa Juni mwaka 2019 Ebola ilivuka kutoka Congo ikafika Bwera. Mnakumbuka. Ndoo za maji na dawa ziliwekwa milangoni pa misikiti na makanisa, salamu za mkono zikakomeshwa, wasafiri wakapimwa joto Mpondwe, mazishi yakasimamiwa, na masheikh, mapadre, wenyeviti wa vijiji na waganga wakasema neno moja. Wagonjwa walioletwa na safari kutoka ng'ambo walifariki, Mungu awarehemu, lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Kwa nini tuliweza? Kwa sababu Ebola huua kwa siku chache, na humwua mkubwa. Utapiamlo huua polepole, na humwua asiyeweza kusema. Hiyo ndiyo tofauti, wala sioni nyingine.

Sasa niseme na wanaume wenzangu, maana mara nyingi hotuba za lishe huelekezwa kwa akina mama peke yao, kana kwamba mama ndiye auzaye kahawa. Msimu ukifika, baba huuza magunia yake, akanunua boda boda au akalipa deni, akapita mahali pa mchomo akashiba. Nyumbani mnapikwa bundu kwa sombe, leo na kesho na kesho kutwa. Bundu na sombe si vibaya, ndicho chakula cha nchi hii na mimi nakipenda, lakini mtoto wa mwaka mmoja mwenye tumbo dogo kama ngumi hujaa muhogo kabla hajapata cha kumjenga. Maharagwe yaliyovunwa nyuma ya nyumba yamevuka mpaka. Kuku akichinjwa, paja na kifua ni vya mzee, na mtoto hupewa mchuzi. Tena baadhi ya makabila ya Uganda tangu zamani yalimnyima mwanamke kuku na mayai. Kama yumo miongoni mwetu mwenye kulishika jambo hilo, ajue kwamba ni mila, na dini haikumharimishia mwanamke yai. Baba aulizwe: katika kila gunia lililouzwa, ni debe ngapi zilizobaki nyumbani? Mume anayejibu kwamba hajui, amejibu.

Hali kadhalika yako mambo ya dini ambayo watu huyatumia bila elimu. La kwanza ni maziwa ya siku za awali, yaliyo mazito na ya manjano, yaitwayo dang'a. Wako wanaoyakamua wakayamwaga wakisema ni machafu. Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Na kumgusisha mtoto tende kwa sunna ni kuonja kidogo mno, si mlo, wala kusimcheleweshe ziwa. Kisha ziwa peke yake litoshe miezi 6, halafu chakula kingine kiingie na kunyonya kuendelee. Kitabu chetu kimetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na madaktari wa leo wanasema miaka 2 na zaidi. Hapo hatuna ugomvi nao hata kidogo. La pili ni saumu. Mja mzito na mwenye kunyonyesha wakiogopa juu ya nafsi zao au watoto wao wana ruhusa ya kufungua, na hukumu ya kulipa waulize kwa masheikh. Nimesikia wanawake wakisutwa vibarazani kwa kutumia ruhusa hiyo. Mwenye kusuta amemkatalia mgonjwa zawadi ambayo si yake kuitoa wala kuinyima.

La tatu ni jipya kwetu, nami nitalisimamia kidogo. Katika nchi za Ulaya kuna ugonjwa uitwao anoreksia, ambao daktari wa Kiingereza William Gull aliupa jina mwaka 1873: msichana, na mara nyingine mvulana, hujinyima chakula kwa kuogopa unene, akakonda hata akafa, na chakula kipo mbele yake. Wako pia walao kwa siri wakajitapisha. Sisi tulizoea kusema hayo ni maradhi ya wenye kushiba. Lakini binti zetu leo wana simu mkononi, na katika simu mna picha za wembamba kutoka kila upande wa dunia, na shule za bweni zina wasichana wengi walio mbali na macho ya mama. Msichana wa Kiislamu akiwa na ugonjwa huu anayo mahali pa kujificha ambapo wengine hawana. Atasema nimefunga sunna, nasi tutamsifu. Atafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha ataongeza, na jioni atafuturu kwa maji na nusu ya embe. Walimu wa madrasa na mama walezi, nawaomba: mkimwona binti anapungua mwili, amekoma hedhi, anaogopa kula mbele ya watu, na saumu zake haziishi, msimpongeze. Muulizeni kwa upole, mwambieni mzazi, na mpelekeni hospitali penye kitengo cha magonjwa ya akili. Wala msimpeleke kwa mtoa majini kwanza. Saumu imewekwa kwa mwenye afya, na ibada inayomwangamiza mwili mwenye kuifanya inahitaji kuulizwa. Mpango wa lishe wa 2011 ulielekea hasa wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto wadogo. Huyu binti wa miaka 15 huteleza kati ya vidole, si mtoto mchanga wala si mama. Basi tumkamate sisi.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi na jua limepanda. Iko habari nyingine ambayo haina budi kutajwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la USAID likafungwa mwaka huohuo. Chakula-dawa kingi cha watoto wa Afrika kilikuwa kikilipiwa na mkono ule. Mimi simlaumu mtu kwa kuchukua mfuko wake, lakini nakumbuka jirani yangu mmoja aliyefika kituo fulani cha afya na mjukuu wake aliyevimba, akaambiwa maziwa yamekwisha, ajaribu mahali pengine. Na hapo pengine palikuwa mwendo wa nusu siku. Mwenye kutegemea chungu cha jirani hana budi kujua jirani huzima moto saa ngapi.

Kwa hiyo naleta ombi, na naomba liamuliwe leo, lisiachwe katika kitabu cha kumbukumbu. Ukumbi huu hukaa bure siku zote isipokuwa siku za mikutano na arusi. Ufunguliwe Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi baada ya sala, na katika msikiti wa Bwera vivyo hivyo, na wahudumu wa afya wa vijiji waalikwe waje na tepe zao kupima watoto wote, wa Waislamu na wa wasio Waislamu, kwa maana unyafuzi hauulizi dini. Mtoto wa rangi nyekundu asiondoke na barua tu. Apewe mtu wa kumfikisha hospitali siku hiyohiyo, Bwera au Kagando au popote palipo karibu, na nauli itoke katika mfuko wa sadaka. Arudipo, nyumba yake itembelewe mara nne katika miezi miwili, na wanaotembelea wawe wawili, mmoja mwanamke wa kuonyesha mapishi na mmoja mwanamume wa kusema na baba. Sadaka za Ramadhani, mbali na fitri yenyewe, wafanyabiashara wetu wazitoe kwa maharagwe na karanga badala ya sukari. Na Mwenyekiti amwandikie mkuu wa wilaya kuomba kiti kimoja katika kamati ya lishe, ili tuyasikie yanayopangwa kabla hayajapangwa.

Gharama ya nauli na karanga nimeipigia hesabu pamoja na mweka hazina, naye anayo karatasi mkononi. Ataisoma sasa, kisha wenye kuunga mkono wanyoshe mikono.